Faiba na boksi la spika: nguvu iko kwenye umbo

Anayesimama Mwembe Tayari, hapa Mombasa, wakati wa jioni hatakosa kuona tuktuk iliyofungwa, nyuma ya kiti cha abiria, boksi la spika lisilo na pembe hata moja, lililopinda kufuata bodi ya gari na kupigwa msasa na rangi mpaka likaonekana kana kwamba lilitoka kiwandani pamoja na tuktuk yenyewe. Boksi la namna hiyo limeundwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ikagandia humo, na ni kazi ya mikono inayostahili heshima. Hata hivyo, limezuka pamoja nalo wazo ambalo nimelisikia kwa wateja na hata kwa baadhi ya mafundi: kwamba faiba ndiyo inayoleta besi nzito, na kwamba aliyejengewa boksi la mbao ameuziwa kitu duni. Wazo hilo linawagharimu watu fedha, kwa sababu faiba haina besi yoyote ndani yake. Ina uwezo wa kushika umbo utakaloipa, na umbo hilo likiwa la kufaa huipa nguvu ambayo faiba hiyohiyo, ikiwa bapa, haina kabisa. Anayetaka kujiundia boksi nyumbani anahitaji kuielewa tofauti hiyo kabla ya kununua hata kilo moja ya resini.

Tuanze na kazi ya boksi. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma unavuta hewa kwa kiasi kilekile. Spika ikiachwa wazi, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo na kuziba pengo la nyuma, na sauti nzito, ambayo mawimbi yake ni marefu, hupotea karibu yote. Boksi hutenganisha pande hizo mbili. Lakini likishazitenganisha, hewa iliyofungiwa ndani inakuwa kama springi inayoirudisha koni ilikotoka, na ugumu wa springi hiyo kwa spika ileile unategemea ujazo wa boksi: boksi dogo lina springi ngumu, kubwa lina springi laini. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur aliutumia ukweli huu kwa makusudi alipounda spika ya AR-1, ambayo koni yake ililegezwa sana ili hewa iliyomo ndani ya boksi dogo lililozibwa ndiyo iwe springi yake kuu.

Katika joto la Mombasa la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8.7, ambao ni zaidi ya mara tatu ya urefu wa tuktuk. Wimbi refu kiasi hicho halitambui kama ndani ya boksi mna pembe au mviringo. Linachohisi ni lita.

Hesabu ya lita hizo ilipangwa na A. Neville Thiele huko Australia mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo maana karatasi inayokuja na wufa nzuri, yaani spika ya besi, huwa na vipimo vinavyoitwa kwa majina yao. Kwa boksi lililozibwa vitatu vinatosha: Fs, yaani masafa ambayo koni isiyo na boksi hutetemeka kwa wepesi zaidi, Qts, inayoonyesha jinsi mtetemo huo unavyozuiwa usiendelee wenyewe, na Vas, ujazo wa hewa ambao ulaini wake ni sawa na ulaini wa mishikizo ya koni. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha jibu hilo kwa Fs upate masafa ya wufa ikiwa ndani ya boksi, na kando yake lizidishe kwa Qts upate Q ya boksi zima. Chukua wufa yenye Fs ya hezi 30, Qts ya 0.45 na Vas ya lita 30. Ndani ya boksi la lita 15 kipeuo ni 1.73, masafa yanapanda hadi hezi 52 na Q ya boksi zima inakuwa 0.78, ambayo haiko mbali na ile 0.7 inayopendwa kwa besi iliyotulia. Q ikizidi kupanda, besi huanza kuvuma: katika chakacha, pigo moja linakuwa halijaisha wakati la pili linaingia.

Hapo ndipo faiba inapoingia kwenye hesabu, na kwa kawaida inaingia bila kuonekana. Fundi hupima umbo wakati bado ni kitambaa, kisha huongeza tabaka kwa ndani ili boksi liwe gumu. Uso wa ndani wenye eneo la mita za mraba 0.35 ukinenepa kwa milimita 6 umekula lita 2.1. Sumaku na fremu ya wufa vikichukua karibu lita nyingine moja, zile lita 15 za karatasini zimebaki 12 hivi, hezi 52 zimekuwa 56, na Q imefika 0.84. Mwenye boksi atasema wufa ni mbovu, kumbe wufa haina kosa.

Boksi la umbo lisilo na jina halipimiki kwa rula. Mimi hutumia choroko kavu na kopo la lita moja: boksi likishaganda na tabaka zote zikiwa tayari, nalijaza kopo kwa kopo hadi ukingo wa tundu la spika, nikilitikisa taratibu ili pembe zijae, kisha naondoa hesabu ya sumaku na fremu. Mchanga wa ufuoni siushauri, kwa kuwa una chumvi na unyevu, na punje zake hung'ang'ania kwenye resini. Ikionekana kwamba ujazo umepungua kidogo, sufi au pamba ya mito ikiwekwa ndani bila kushindiliwa itaifanya wufa ilihisi boksi kuwa kubwa kuliko lilivyo, lakini dawa hiyo hutibu upungufu mdogo tu.

Umbo huanza kuwa na neno pale mawimbi yanapofupika. Kuta mbili bapa zinazotazamana kwa umbali wa sentimita 35 hurudishiana wimbi la karibu hezi 500, ambalo limo ndani ya sauti ya mwimbaji, na sauti hiyo hupata mwangwi mdogo wa kudumu usiokuwamo katika rekodi. Kuta zilizopinda na zisizolingana huyatawanya mawimbi hayo. Kwa nje nako, ukingo mkali wa boksi huyakata mawimbi ya juu na kuyarusha upya; Harry Olson wa kampuni ya RCA, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1951, alipima spika moja katika maboksi ya maumbo mbalimbali, na umbo la tufe likatoa sauti iliyonyooka kuliko mengine, wakati mchemraba ulionyesha kupanda na kushuka kukubwa. Kwa hiyo kazi ambayo faiba huisaidia sauti moja kwa moja ni ile midogo ambayo watu huiona kuwa ya urembo: kikombe cha twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwenye nguzo ya dirisha, au kitako cha spika ya kati mlangoni. Kwenye sabwufa faida yake ni nyingine. Faiba huokota lita zilizolala bure katika kona ambazo boksi la mbao lisingeingia, na pia huweza kuupanua mdomo wa bomba la hewa, kwa boksi lisilozibwa kabisa, ukafunguka kama wa zumari, hewa ikapita bila kufoka.

Nimesema kwamba faiba ikiwa bapa haina nguvu, na jambo hili linahitaji kuelezwa kwa takwimu, maana ndilo linaloamua kama boksi litaimba au litatetemeka. Faiba ya mkeka, yaani nyuzi za kioo zilizotandazwa bila kufumwa, pamoja na resini ya poliesta, ukiipima kama maada, ni ngumu takriban mara mbili na zaidi kuliko MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Lakini ukuta bapa hupinga kupindika kwa kadiri ya unene wake uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukuta wa faiba wa milimita 6 ukilinganishwa na ubao wa MDF wa milimita 18 ni mwembamba mara tatu, kwa hiyo kwa upande wa unene umepoteza mara 27, na ule ubora wa maada haurudishi hasara hiyo: ubao unabaki kuwa mgumu zaidi ya mara kumi. Sasa upinde ukuta huo wa faiba. Bati tambarare hukunjika kwa uzito wa mtoto, lakini bati lilelile likipigwa mawimbi hubeba fundi anayetembea juu ya paa. Kuba la msikiti husimama kwa sababu hiyohiyo, na ganda la yai pia. Ukuta uliopinda pande mbili hauwezi kupindika zaidi bila kwanza kuzinyoosha au kuzibana nyuzi zake zenyewe, na nyuzi za kioo haziruhusu hilo kwa urahisi.

Boksi langu la kwanza nililijenga kabla ya kulielewa jambo hili. Lilikuwa na upande mmoja wa nyuma uliokuwa karibu bapa, na nilipouona unatetemeka niliongeza tabaka mbili, kisha mbili tena, resini ikazidi kuisha na ukuta ukaendelea kutoa mlio wake wenyewe kila besi iliposhuka. Kilichouponya ni vipande vitatu vya plaiwudi vilivyosimamishwa wima kwa ndani na kufunikwa kwa mkeka, kama mataruma ya dau, vikaugawa ukuta ule mpana kuwa vidogo vinne. Wajenzi wa vyombo vya bahari walilijua hili tangu zamani: ubao wa dau ni mwembamba, nguvu imo katika mataruma na katika mpindo wa ubavu.

Njia inayotumiwa zaidi nyumbani, kwa boksi moja lisilokusudiwa kurudiwa, ni kuwamba kitambaa. Fundi hukata pete ya plaiwudi ya milimita 18 itakayobeba spika, huisimamisha kwa vijiti juu ya sakafu ya boksi katika mwelekeo anaoutaka, huwamba kitambaa cha fulana au cha sweta laini kutoka kwenye pete hadi kwenye ukingo wa sakafu, hukishikilia kwa pini za stepla, kisha hukilowesha kwa resini. Kikishaganda, kinakuwa ganda ambalo mkeka wa faiba utalazwa ndani yake. Mwamba ngoma huivutia kwake, na kitambaa nacho kina mvuto wake ambao fundi lazima aujue: kitambaa kilichovutwa pande zote hakitokezi nje kamwe. Hutengeneza umbo la tandiko la farasi, likibonyea upande mmoja na kuinuka upande wa pili, au, kingo zake zikiwa sambamba, hunyooka kabisa na kuwa bapa. Tandiko ni umbo lenye nguvu. Ubapa ni ngoma kweli, nayo italia kama ngoma.

Kwa sababu hiyo, muda wa kufikiri ni kabla ya kukiwamba. Pete ikiinamishwa kidogo, au ukingo mmoja wa sakafu ukikatwa kwa mviringo badala ya mstari, kitambaa hupata mpindo bila gharama yoyote. Anayetaka kifua kilichotokeza kama kuba atalazimika kukisukuma kitambaa kutoka ndani kwa utepe wa plaiwudi nyembamba iliyopindwa, au kuchonga umbo lote kwa sponji ngumu. Na hapa tahadhari: resini ya poliesta ina stairini, na stairini huyeyusha lile povu jeupe linalofungia televisheni na friji. Povu hilo likitumika, lifunikwe kwanza kwa utepe wa plastiki usio na mwanya, au itumike epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine. Lakini mkeka wa kawaida umeshikiliwa na gundi inayoyeyuka kwa stairini, ambayo epoksi haina, kwa hiyo atakayechagua epoksi atumie faiba iliyofumwa kama nguo.

Sasa resini yenyewe, ambayo katika mji huu ina tabia zake. Resini ya poliesta huganda kwa kuongezwa kigandishi, ambacho mafundi hukiita hadena, nacho ni peroksaidi kali. Kiasi chake ni kati ya gramu 10 na 20 kwa kilo moja ya resini. Muda wa kuganda unaoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji mara nyingi ni wa nyuzi 20 au 25, na kwa makadirio ya jumla kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huifanya kemia hiyo iende kwa kasi maradufu; mchana wa Februari, chini ya paa la bati, dakika 20 za karatasini huwa 10 au pungufu. Wengi hujaribu kuishinda hali hiyo kwa kupunguza hadena hadi chini ya gramu 10, na hilo ndilo kosa linalonisikitisha zaidi katika kazi hii, kwa maana resini iliyonyimwa hadena haigandi polepole ikafika mwisho wake: huganda nusu, ikabaki laini moyoni, na ukuta laini huimeza besi. Kipunguzwe kitu kingine. Fanya kazi alfajiri, kabla jua halijapanda. Changanya gramu 300 kwa wakati mmoja, na uzimimine kwenye sinia pana, kwani resini iliyorundikana ndani ya kopo refu hujipasha moto yenyewe, ikachemka na kutoa moshi, ilhali iliyotandazwa hupoa. Kata vipande vyote vya mkeka kabla ya kugusa hadena.

Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa karibu milimita moja ya ukuta, na huhitaji resini yenye uzito wa mara mbili yake au kuzidi kidogo. Resini ya ziada haileti nguvu, kwa sababu wenye nguvu ni uzi wa kioo, na dimbwi la resini lisilo na uzi hupasuka kama kioo cha dirisha. Rola ndogo ya chuma ipitishwe mpaka weupe wote utoweke, kwani kila doa jeupe ni hewa iliyonaswa. Baada ya resini kuganda lakini kabla haijawa ngumu, kuna dakika chache ambapo huwa kama ngozi ya kiatu, na kingo zake hukatika kwa kisu cha kawaida. Udongo uwahi ungali maji: atakayeukosa wakati huo atakata kwa msumeno wa umeme, na vumbi la kioo litamfuata hadi kitandani.

Unyevu nao una hila. Mkeka ulioachwa wazi karakanani msimu mzima wa masika hunyonya maji ya hewani, na resini haiushiki vizuri. Unakuwa na ukungu ambao rola haiondoi. Uhifadhiwe ndani ya plastiki, na uanikwe juani kabla ya matumizi. Tofautisha tatizo hilo na unato unaobaki juu ya poliesta iliyoganda vizuri, ambao husababishwa na oksijeni ya hewa kuizuia ngozi ya juu isikamilike. Unato huo ni msaada kati ya tabaka moja na jingine, kwa sababu hushikana. Ni tabaka la mwisho tu linalohitaji resini iliyotiwa nta, ambayo hupanda juu na kuizuia hewa.

Kuhusu afya sitazunguka. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa stairini. Inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio vya makaa, nayo ivaliwe hata kazi ikifanywa uani. Tone moja la hadena likiingia jichoni linaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani ya kazi ivaliwe tangu chupa inapofunguliwa, na likiingia, jicho lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 bila kukatiza huku safari ya hospitali ikipangwa. Iwapo resini yako imeuzwa bila kobalti, kile kiungo kinachoharakisha kuganda, na kobalti ikawa katika chupa yake, usiichanganye kamwe moja kwa moja na hadena, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hulipuka. Kobalti huingia kwanza ndani ya resini ikakorogwa mpaka ipotee, ndipo hadena ifuate. Msasa upigwe kwa maji.

Anayetaka maboksi mawili yanayofanana, la kulia na la kushoto, au anayewajengea wenzake, hana sababu ya kuwamba kitambaa mara mbili. Huchonga umbo moja kwa uangalifu, huling'arisha, hulipaka nta mara kadhaa, kisha hutengeneza kalibu ya faiba juu yake, na kutoka kwenye kalibu hiyo hutoa nakala. Hii ndiyo njia ya boti za faiba zinazoelea kwenye mkondo wa Mtwapa. Kalibu iwe nene kuliko kitu kitakachotoka ndani yake, na isiwe na mahali panapojirudi ndani, la sivyo nakala haitatoka bila kuvunjwa.

Ushauri wangu kwa boksi la sabwufa ni kuchanganya. Uso unaobeba wufa, pamoja na sakafu, viwe mbao, kwa sababu ni bapa na lazima vibaki bapa. Faiba ipewe mgongo na mbavu zilizopinda. Mahali viwili hivyo vinapokutana, ubao ukwaruzwe kwa msasa mkavu wa chembe kubwa, upakwe resini nyepesi itakayonywewa na ubao, na kona ijazwe fila kwa mviringo wa karibu sentimita moja, kwa kuwa mkeka haukubali kukunjwa kwenye pembe kali: huinuka na kuacha handaki la hewa chini yake. Gonga kwa sarafu kiungo chote kikishakauka. Mlio uliokufa unaonyesha mahali palipoachana. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari haitazisamehe nyingine.

Kazi ya mwisho ni ile ambayo wajenzi wa jahazi huiita kalafati, kuziba mianya. Boksi lililozibwa lenye tundu la ukubwa wa sindano hufoka kila koni inaposogea. Liache siku kadhaa mpaka harufu ya stairini iishe kabisa, kisha funga wufa, cheza mlio wa hezi 25 kwa sauti ya wastani, na upitishe chetezo chenye udi mbele ya kila kiungo, ukianzia pale faiba inapokutana na ubao na kumalizia kwenye tundu la waya. Moshi ukipanda wima, hapo pamezibika. Ukiyumba kwa kufuata koni, weka alama kwa penseli, toa wufa, paka resini kwa ndani, na urudie siku ya pili.